Programu ya kupangia vitabu vya kompyuta: kabla ya kulipa, ijaribu kwa mstari huu mmoja

Simu iliita saa tatu asubuhi. Alikuwa mwalimu wa chuo kimoja niliyempangia kitabu cha mafunzo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kurasa 140, karatasi na PDF. “Dada, kitabu kimegoma.” Wanafunzi walikuwa wamenakili mstari wa kwanza kabisa kutoka kwenye PDF, print(“Habari”), wakaubandika, na darasa zima likapata jibu moja: SyntaxError: invalid character '“' (U+201C).

Mwandishi alikuwa ameniletea print("Habari"), alama zimenyooka kama zinavyotakiwa. Programu niliyoinunua miezi miwili kabla, kwa hela yangu mwenyewe, ilizipinda kimya kimya nilipoingiza maandishi, kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho. Nilirudia kazi wiki nzima bila malipo, na nakala zilizokwisha chapwa zikabaki na makosa yake.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi, picha wala safu. Programu zote hizi zinapanga ukurasa vizuri na zote zinatoa PDF. Ninachouliza ni kimoja: msimbo, yaani mistari ya programu kama ule wa print, ukishaingia humo, ukitoka bado unafanya kazi?

Alama ya nukuu ya kwenye kibodi ni moja, inafungua na kufunga, na katika ASCII, orodha ya namba za herufi za kompyuta, ni namba 34. Ile ya mkato mmoja ni 39. Wachapaji wa vitabu wanapenda zilizopinda, ambazo katika Unicode, orodha kubwa zaidi ya herufi, ni U+201C na U+201D, na kwenye riwaya kweli zinapendeza. Kwa kompyuta hizo ni herufi nyingine kabisa. Ni kama kuandika O badala ya sifuri kwenye namba ya simu: macho yanakubali, simu haiiti.

Python angalau inakataa papo hapo na kukuonyesha herufi yenyewe. Terminali ya Linux, dirisha la kuandikia amri, haina huruma hiyo. Chukua mstari huu wa grep, amri ya kutafuta neno ndani ya mafaili, ndio ninaoutumia kujaribu kila programu:

grep -r --include="*.py" 'Jumla' .

Una kila kinachoharibika: nukuu mbili, nukuu moja, na vistari viwili vilivyofuatana. Programu ikivigeuza vistari hivyo kuwa kistari kimoja kirefu na kuzipinda nukuu, grep haitambui tena kwamba “include” ni maelekezo. Inalichukua neno hilo kuwa ndilo la kutafutwa, halafu inalalamika kwamba hakuna faili liitwalo ‘Jumla’. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza atajuaje kwamba kosa ni la mpangaji kitabu? Atajiona yeye ndiye hajui.

Chaguo langu la kwanza ni FrameMaker, na sifichi kwamba naipenda. Ilianza mwaka 1986 mikononi mwa Frame Technology, Adobe wakainunua kampuni hiyo mwaka 1995, na siku zote imekuwa ya watu wa vitabu vizito vya ufundi. Ukichagua “Import by Reference”, faili la msimbo linabaki pale lilipo na kitabu kinasoma kutoka humo. Mwandishi wa programu akirekebisha kosa, akalijaribu faili likafanya kazi, kitabu nacho kinasasishwa kutoka faili lile lile. Hakuna anayechapa upya kwa mkono, na kwenye kuchapa ndiko alama zinakopindishiwa. Wakati wa kuingiza itakuuliza kama kila mstari uwe aya yake. Kubali, la sivyo mistari yako itaunganishwa kama insha.

Kisha fungua mipangilio ya maandishi ya waraka uzime “Smart Quotes” pamoja na “Smart Spaces”. Hii ya pili wengi wanaisahau. Ikiwa imewashwa huwezi kuchapa nafasi mbili mfululizo, na katika Python nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazosema kipi kiko ndani ya kipi. Mtindo wa aya ya msimbo uupe lugha “None”, ili programu isikate maneno kwa kistari na ukaguzi wa tahajia uuruke. Ukaguzi huo huo una kisanduku cha “Straight Quotes” kinachoihesabu alama iliyonyooka kuwa kosa. Ondoa tiki kabla hujaanza kubofya kubali, kubali, kubali. Ukimaliza, hifadhi waraka huo uwe kiolezo, na kila kitabu kitakachozaliwa humo kitarithi mipangilio.

Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi kwenye Windows tu. Wa Mac waliachwa mwaka 2004.

Ya pili ni InDesign, yenye Mac na Windows. Inakuja na “Use Typographer’s Quotes” ikiwa imewashwa, na kisanduku cha jina hilo kipo pia unapoleta faili la maandishi. Zima kote kuwili. Zima na miunganisho ya herufi kwenye mtindo wa msimbo, ili f na i zisishikane. Mitindo yake ya GREP, inayotafuta maneno kwa ruwaza, inapaka rangi yenyewe maneno ya lugha ya programu, kazi nzuri sana. Lakini ukiunganisha faili la maandishi kisha ukalisasisha, mapambo yote uliyoweka yanafutika, na hapo ndipo FrameMaker inapoiacha mbali.

Bei sasa. Hizi mbili zinalipiwa kwa usajili, kwa dola, na mpangaji vitabu wa huku analipwa kwa shilingi, tena baada ya kufuatilia miezi mitatu. Shilingi ikishuka, gharama yako inapanda na mteja hataki kusikia. Wauzaji wanaotuzunguka nao wananikera kupita kiasi. Mmoja aliniuzia “leseni ya maisha” iliyokufa mwezi wa saba, na nilipomrudia akaniambia kompyuta yangu ina virusi. Kila nikienda dukani naonyeshwa kurasa za jarida la harusi. Nimeomba mara nyingi nionyeshwe mistari kumi ya msimbo. Hajatokea hata mmoja aliyekuwa nayo.

Za bure nazitaja haraka. Scribus inakuachia alama kama ulivyozichapa, ila kwa kitabu cha kurasa nyingi utachoka. Affinity imekuwa bure tangu 2025, chini ya Canva. Anza kwa kuzima nukuu zilizopinda. LaTeX ni imara sana, lakini nayo huipinda nukuu moja ndani ya msimbo mpaka uongeze kifurushi cha upquote. Word na LibreOffice zinapinda nukuu na kuunganisha vistari visipozimwa, na kwa kitabu cha msimbo sizipendekezi.

Wengi wameniuliza upana wa mstari. Kwenye A4 yenye pambizo za sentimita 2.5, Courier, chapa ambayo herufi zake zote zina upana mmoja, ya pointi 10 inaingiza herufi 75. Ukishuka hadi pointi 9 zinaingia 83, na mstari wa kawaida wa herufi 80 haukatiki.

Ukienda kununua, weka mstari wa grep kwenye faili la maandishi, uingie nao dukani kwenye flashi. Mwambie muuzaji auweke kwenye ukurasa, atoe PDF, kisha wewe mwenyewe nakili kutoka kwenye PDF na ubandike kwenye Notepad. Kuza maandishi mpaka uone alama moja moja. Nukuu zikiwa zimelala upande, mwache azime mipangilio na ajaribu tena mbele yako. Asipojua pa kuzimia, chukua flashi yako uondoke.