Uzoefu wangu: upanga wa Amazoni, mmea wa majini, kwenye tangi la samaki la lita 200, hapa Mbeya

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimempunguzia muuzaji, siyo mmea. Aliufunga vizuri kwa gazeti lililoloweshwa na mfuko wa nailoni, akautuma kwa basi la usiku kutoka Dar, ukapita baridi ya Makambako salama. Ila kuhusu majani hakusema neno.

Iko hivi: miche mingi ya Echinodorus (jina la kitaalamu la jamii ya upanga huu) inayouzwa imekuzwa mizizi ikiwa majini na majani hewani, kama inavyoota kwao kwenye maeneo oevu ya Amerika Kusini maji yakipungua. Majani hayo ni magumu, yana vikonyo virefu. Ukiyazamisha, ndani ya wiki 2 hadi 4 yanageuka njano na kuoza kama mchicha uliolala. Hapo ndipo wengi hung'oa wakatupa. Minya kwanza pale majani yanapokutana na mizizi: pakiwa pagumu, mmea ni mzima. Kata jani bovu chini kabisa, usubiri mapya, membamba na laini zaidi.

Kabla ya kupanda, loweka kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, saa 2 au 3, kisha suuza. La sivyo konokono watajaa tangini. Chini weka mfinyanzi sentimita 2, juu yake mchanga wa mto sentimita 5, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Yale mawe mepesi ya Rungwe achana nayo, yanaelea. Fukia mizizi tu. Shingo ya mmea ikizama mchangani, inaoza.

Adui mkubwa huku kwetu ni baridi. Mmea unataka nyuzi 22 hadi 28, na chumba changu mwezi Julai kinashuka mpaka 14. Wati 1 kwa lita haitoshi. Natumia hita 2 za wati 150: moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwapika samaki. Juu nafunika kwa kioo, na umeme ukikatika nalizungushia tangi blanketi. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20, ukuaji unapungua sana na mwani unaweza kuvamia majani.

Halafu njaa. Huyu hula kwa mizizi. Vidonge vya mbolea ya akwariamu 3 au 4, navichomeka mchangani sentimita 10 kutoka shinani kila baada ya miezi 2 au 3. Najua kila nyumba huku ina mfuko wa DAP au urea uliobaki shambani. Usiuguse, amonia itaua samaki kabla mmea haujashiba. Majani machanga yakipauka huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma kimepungua. Ya zamani yakitoboka matundu madogo, mara nyingi ni potasiamu.

Taa ziwake kwa muda wa saa 8 kwa siku, zinatosha. Tangi liwe na kina cha sentimita 50, maana majani hufika 40 na zaidi.

Ukikomaa hutoa bua refu lenye vichipukizi. Kimoja kikifikisha majani 4 na mizizi ya sentimita 3, kikate ukipande. Vya ziada gawa au kausha juani, usitupe mtoni: gugumaji nalo lilitoka Amerika Kusini, likapendwa kwa maua yake.