Jani la mchu lina chumvi: ziara ya mikokoni, Bagamoyo

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye ziara ya boti, mikokoni kule mdomoni mwa mto Ruvu. Sh 30,000 mtu mzima, mtoto nusu, maji ya kunywa humo humo.

Nianze na kilichoniudhi. Tuliambiwa saa tatu tuwe ufukweni, tukawepo. Boti ikaondoka saa tano na nusu, kisa kuna wengine "wako njiani". Wenye bahari watanielewa: ilikuwa bamvua, zile siku maji hujaa sana na kupwa sana, yanakupwa mpaka saa nne, saa tano hivi, na mikoko huonwa maji yakiwa yametoka. Tulipofika yalishaanza kurudi. Tukaambulia nusu saa tu ya kutembea topeni.

Lakini nusu saa hiyo! Kijana aliyetuongoza alichuma jani la mchu, mti mmojawapo wa mikokoni, akampa mtoto: "Lamba." Akalamba, akakunja uso. Chumvi tupu. Kumbe mchu hunywa maji ya bahari, kisha chumvi huitoa kwa majani, ikabaki juu kama unga. Mti uitwao mkoko hasa una njia nyingine, chumvi nyingi huizuia kule kule mizizini. Mimi ni mtoto wa fundi mashua; katika miti ya humo, mlilana naujua kwa mataruma, yaani mbavu za mashua, aliyokuwa akichonga marehemu baba, mkandaa naujua kwa magome yake ya kutia rangi. Jani la mchu sikuwahi kulilamba, na nina miaka 63.

Na vile vijiti vilivyosimama topeni kama misumari, vilivyotuchoma nyayo utotoni tukifuata kaa, ni mizizi ya huyo huyo mchu. Inatoa vichwa nje kutafuta hewa, maana ndani ya tope lile jeusi hewa hakuna (na ile harufu ya yai bovu chanzo chake ni hicho hicho). Mbegu ya mkoko nayo huota ingali mtini, ikaning'inia kijani, ndefu kama mkono wangu toka kiwiko. Ikidondoka maji yametoka, huweza kujichoma topeni papo hapo. Yakiwa yamejaa, huelea mpaka ipate pa kushika.

Mjukuu wangu yeye alivutiwa na kaa dume, gando moja kubwa, la pili dogo kama la kuazima. Mimi nilivutiwa na habari ya kamba: wakiwa wadogo hujificha humo mizizini wasiliwe, ndipo watoke baharini wakubwa. Na sisi tunaokaanga kamba ndio tunaopikia kuni za mikoko.

Kijana anajua kazi, ila mti wa mkomafi aliuita msinzi, ambao ni mti mwingine. Nikamwambia, "Mwanangu, wenye matunda kama mpira ni mkomafi." Akacheka: "Bi mkubwa, leo wewe ndiye unayetuongoza," akaandika kwenye simu yake. Nilimpenda kwa hilo.

Nisichokisamehe ni maboya ya kuvaa. Watu tisa, maboya sita, na pale mtoni kuna viboko. Nilimvisha mtoto, mimi nikakaa hivi hivi. Usubi nao ni balaa, vaeni mikono mirefu.

Nitakwenda tena, mwezi ukiwa mpevu, bamvua nyingine. Ila maboya nitayahesabu kabla sijatoa pesa, na ikifika saa tatu na nusu boti haijaondoka, narudi zangu nyumbani.