Mkimbiaji Mwenye Baiskeli ya Milimani: Anunue Nini Kwanza kwa Ajili ya Lami?

Mkimbiaji anayetaka kuanza kuendesha baiskeli barabarani, ilhali aliyonayo ni baiskeli ya milimani ya mtumba, huambiwa mara nyingi aiuze atafute nyingine. Kwa miezi ya mwanzo, huo ni ushauri wa kumtia gharama bure. Baiskeli ya inchi 26 yenye meno 42 mbele na 11 nyuma, ikikanyagwa mizunguko 90 kwa dakika, huenda takriban kilomita 41 kwa saa, na ni wanaoanza wachache mno watakaoudumisha mwendo huo kati ya Arusha na Usa River. Gia zinatosha. Kinachomchelewesha ni namna baiskeli inavyogusa lami na namna mwili wake unavyokaa juu ya baiskeli, na vitu vilivyomo humu vimepangwa kwa kufuata kigezo hicho.

Helmeti na taa nyekundu ya nyuma sikuzipa nafasi yoyote, kwa sababu asiyekuwa nazo hapaswi kuingia barabarani pamoja na mabasi na bodaboda. Helmeti inunuliwe mpya, yenye alama ya kiwango cha usalama, EN 1078 au CPSC, kwa ndani. Povu lake hufanya kazi kwa kupondeka, na lililokwisha kupondeka katika ajali huenda lisionyeshe dosari yoyote kwa nje, hivyo ya mtumba ni ya kuepuka hata ikiwa inang'aa.

Nafasi ya kwanza ninaipa jozi ya matairi laini, na hakuna kingine kinachoikaribia. Meno makubwa ya tairi la milimani hujikunja na kujinyoosha kila yanapokutana na lami, na nguvu ya mwendeshaji huishia kwenye joto na ule mvumo unaosikika toka mbali. Chagua upana wa inchi 1.5 hadi 1.75, wenye kashata ndogo zisizo na kina. Kwa mtu wa kilo 65 hivi, upepo wa psi 50 hadi 65 unafaa, mradi usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Hapo ubavuni ndipo wengi wanapokosea. Madukani kumejaa matairi ya baiskeli nyeusi za mizigo, yaani 28 x 1½, pamoja na 26 x 1⅜, na muuzaji akisikia "ishirini na sita" anaweza kukupa hilo la pili kwa nia njema kabisa. Halitakaa. Tafuta namba ya tarakimu tatu iliyoandikwa baada ya kistari: rimu ya milimani ya inchi 26 inadai 559, ilhali 26 x 1⅜ ni 590. Rimu ya 27.5 ni 584, na ya 29 ni 622, ambacho ndicho kipimo cha baiskeli nyingi za mashindano, kwa hiyo mwenye 29 ana uchaguzi mpana zaidi.

Ya pili ni pampu ndogo, tyubu ya akiba, viraka na solusheni. Pembezoni mwa barabara kuu hujikusanya nyuzi nyembamba za chuma zilizotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, na uzi mmoja usioonekana huweza kutoboa tyubu mbili mfululizo. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi zima. Kitakaponasa, hapo ndipo ulipo. Hakikisha pia kwamba valvu ya tyubu inalingana na tundu la rimu, kwani ile nene kama ya gari haipiti kwenye tundu lililotobolewa kwa valvu nyembamba.

Ya tatu ni kaptula yenye sponji, inayovaliwa bila nguo ya ndani. Mapafu ya mkimbiaji yako tayari kwa saa mbili. Makalio yake hayako tayari. Hapa niongeze jambo lisilo na bei: kabla ya kutafuta kiti kingine, rekebisha urefu wa hicho ulicho nacho, kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa na goti likiwa limenyooka. Kiti kilicho chini mno hulemea goti kwa mbele, na mkimbiaji huumia upesi kuliko wengine kwa kuwa pumzi inamruhusu kusukuma gia nzito kwa muda mrefu. Afadhali achague gia nyepesi na kukanyaga karibu mizunguko 85 hadi 90. Huo ni mwendo ambao kila mguu wake umeuzoea katika kukimbia.

Pedali za kufunga kiatu zinafuata kwa mbali. Chukua aina ambayo kibanio chake hufungwa kwenye soli ya kiatu kwa boliti mbili, kwani kiatu chake kinatembeleka. Uma wa mbele usio na shokapu naupa nafasi ya tano: hupunguza uzito, lakini ni lazima urefu wake ukaribiane na ule wa zamani, na kama shokapu yako ina kitufe cha kuifunga, huuhitaji.

Baiskeli ya barabara ya mtumba ndiyo ya mwisho, itafutwe pale ambapo safari ya kwenda Moshi, kilomita 80 hivi, imekuwa jambo la kawaida. Kagua rimu zake zinapoguswa na breki. Uso uliobonyea ndani umelika na unaweza kupasuka. Ulizia fremu inayopokea tairi la milimita 28 au zaidi, kwa kuwa la 23 kwenye shimo la lami iliyobomoka huumiza rimu pamoja na tyubu.