Protini ya vifaranga vya sato: ununue nini badala ya dagaa?

Kifaranga wa sato ambaye hajafika gramu moja anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 au zaidi. Hapa Mwanza wengi tunaitafuta kwenye dagaa, na dagaa hao hao ndio mboga ya nyumba nyingi kandokando ya ziwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, mzigo unapungua sokoni Mwaloni Kirumba na bei inapaa. Mfugaji hawezi kuishi kwa kutegemea giza la mwezi.

Kabla ya kuchagua, acha kulinganisha bei za magunia. Gawanya bei ya kilo kwa kiwango cha protini. Tuseme dagaa ni shilingi 5,000 kwa kilo, na wana asilimia 55: kilo ya protini yenyewe inakugharimu kama 9,100 (5,000 gawanya kwa 0.55). Mashudu ya shilingi 2,000 yenye asilimia 45 yanakupa protini hiyo kwa 4,450 hivi.

1. Mashudu ya soya. Ndiyo chaguo langu la kwanza. Yana protini ya asilimia 44 hadi 48, na sato huyameng'enya vizuri. Soya nyingi hutoka Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo piga hesabu ya usafiri. Muulize muuzaji kama yamepitishwa kwenye joto, kwa sababu soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, na kifaranga hudumaa huku anakula. Ukinunua punje, kaanga hadi ziive, kisha saga. Soya ina upungufu wa methionini, mojawapo ya amino asidi zinazojenga protini, hivyo kwa vifaranga ningeondoa nusu tu ya dagaa, nusu nyingine ibaki.

2. Funza wa BSF, wale nzi weusi wanaofugwa kwa mabaki ya sokoni. Wakikaushwa wana protini ya asilimia 40 hivi, na vifaranga huwapenda mno. Tatizo ni mafuta, yanayoweza kufika asilimia 30: huchacha haraka na huziba kinu. Tafuta waliokamuliwa. Nusa kabla ya kulipa. Harufu ya mafuta yaliyochacha ikitoka, ondoka. Wakipatikana kwa wingi na bei ikashuka, nitawapandisha hadi namba moja bila kusita.

3. Uduvi wa ziwani. Protini yao haipishani sana na ya dagaa, ila hawapatikani kila wakati, na nao huanikwa mchangani. Tikisa konzi moja kwenye glasi ya maji, uone mchanga unaotuama. Wafanyie dagaa vivyo hivyo: mchanga unaununua kwa bei ya protini.

4. Damu iliyokaushwa. Protini hupita asilimia 80, lakini haina uwiano mzuri wa amino asidi. Ongeza kidogo tu.

5. Mashudu ya alizeti. Rahisi, ila yana nyuzi nyingi mno kwa utumbo wa kifaranga. Subiri samaki wakue. Yakiwa na ukungu au yameshikana mabonge, usiyaguse, sumukuvu haiondoki kwa kuanika.

6. Mashudu ya pamba. Kanda yetu ya pamba inayatoa kwa wingi, na bei inavutia. Yana gosipoli, sumu inayodumaza samaki wachanga. Kwa vifaranga usinunue hata kilo moja.

Chochote utakachochagua, saga kiwe unga laini na uchekeche. Mdomo wa kifaranga haupokei punje ya milimita moja.