The Plaster House Arusha: operesheni ni saa chache, kupona ndo kazi

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: kama una mtoto mwenye matege makali, mguu kifundo (unyayo umegeukia ndani tangu kuzaliwa), mdomo sungura, kovu la moto lililovuta ngozi mpaka mkono haunyooki, na daktari keshasema hii inatibika kwa operesheni ila nyumbani hamna pa kumuuguzia, ulizieni The Plaster House hapa Arusha. Mi ni shangazi wa mtoto aliyepita pale na nawaambia bila kupepesa macho, huduma ni nzuri sana. Nyota zote tano. Naandika kirefu kwa sababu watu wakinipigia wanauliza hospitali gani, daktari nani, shingapi, yaani hakuna anayeuliza mtoto akishatoka chumba cha operesheni anaenda kulala wapi, na hapo ndo watoto wengi wanaharibikiwa.

Kwanza ieleweke hii sio hospitali na wala sio kituo cha yatima. Operesheni inafanyika hospitali, halafu mtoto anakuja kukaa kwenye ile nyumba mpaka apone, iwe wiki au miezi, akishapona anarudi kwao. Ipo tangu 2008 na ni shirika lisilo la kiserikali, jina wamelitoa kwenye plasta, zile POP ambazo wengine tunaita hogo, maana watoto wengi utawakuta nazo miguuni.

Sisi kwetu ni upande wa Maji ya Chai, nje ya mji wa Arusha. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa sana, tuangalie meno tu. Maji yetu yana madini ya floraidi kwa wingi kwa sababu ya miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru, chemchemi zinapita humo humo. Meno kuwa ya kahawia tumeshazoea, tunaona kawaida, lakini ikizidi inaingia kwenye mifupa, na mtoto ambaye mifupa yake bado inakua na hapati maziwa wala lishe ya kueleweka, miguu inaanza kupinda. Ndo ilivyokuwa kwa mtoto wa kaka yangu. Alianza kutembea vizuri tu, tukaona miguu inaachana kidogo, tukasema atakua atanyooka, maana ni kweli watoto wadogo wengi wana matege ya kawaida yanayoisha yenyewe wakikaribia miaka miwili mitatu. Ya kwake yalizidi badala ya kupungua. Zahanati moja wakasema tusubiri. Majirani nao hawakukosa la kusema, mara alibebwa mgongoni mapema, mara kuna mkono wa mtu, wifi yangu akawa anaogopa hata kutoka naye. Alipofika umri wa kuanza shule alikuwa anatembea anayumba, njia ya dakika kumi anaikata kwa nusu saa na jioni analia magoti.

Hapa niseme kitu kuhusu elimu bila ada. Tangu 2016 shule za serikali hakuna ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, sawa kabisa na tunashukuru, lakini mtoto asiyeweza kufika darasani hiyo bure inamfikiaje? Kaka yake ndo alikuwa anambeba, na siku za mvua wote wawili wanabaki nyumbani.

Operesheni yenyewe ya matege ya namna hii ni kukata mfupa, kuunyoosha, kisha kufunga hogo kuanzia pajani mpaka kwenye unyayo. Ni kazi ya saa chache. Sasa chukua huyo mtoto mwenye mahogo miguu yote miwili mrudishe nyumbani kwetu uone. Choo ni cha shimo, hawezi kuchuchumaa. Bodaboda hawezi kupanda, miguu haikunji. Daladala kondakta anakwambia lipia siti zote alizolalia. Masika ikianza tope linafika mlangoni na hogo halitakiwi kuguswa na maji hata tone, likilowa linalegea mfupa unaungia upande. Kliniki ni mjini. Mama yake anauza ndizi soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, ana mwingine wa mgongoni ananyonya, baba ni fundi ujenzi anafuata kazi ilipo, wiki hii Mererani wiki ijayo hujui wapi. Nani anabaki na mgonjwa? Mi nilikuwa tayari kumchukua kwangu, nakaa chumba kimoja Sanawari na natoka kazini saa mbili usiku, kiukweli ingekuwa kumfungia ndani tu.

Ndo maana nasema ile nyumba inafanya kazi ambayo hospitali haiwezi na familia haiwezi. Kuna akina mama walezi ambao kazi yao ni hawa watoto usiku na mchana, kuna chakula, kuna mazoezi ya viungo, kuna watoto wenzake. Nilipoenda kumwona nilikaa pembeni nikamwangalia mama mmoja akipita kwa watoto, jamani yule mama nimejifunza kwake. Anashika kidole gumba cha mguu kinachotokeza kwenye hogo, anabonyeza ukucha mpaka unakuwa mweupe, anaachia, anaangalia damu inarudi upesi au inasuasua. Kisha anamwambia mtoto chezesha vidole. Anagusa kama ni vya baridi, anaangalia kama vimevimba, anainama ananusa hogo maana kidonda kikioza ndani harufu ndo inakwambia kabla ya macho. Mtoto mmoja alikuwa anajikuna kwa kuchomeka kijiti ndani ya hogo akanyang'anywa kwa upole na kuelezwa kitamkwaruza na hakuna atakayeona kidonda. Anapita kwa mmoja mmoja hivyo hivyo, hana papara, anawatania. Wifi alifundishwa yote hayo na mpaka leo akisikia mtu wa kijijini kavunjika anaenda kumbonyeza ukucha.

Kingine ambacho sikukitegemea ni mtoto mwenyewe kubadilika roho. Nyumbani alikuwa peke yake mwenye miguu ile, akipita anaangaliwa, watoto wanamuigiza anavyotembea. Kule kila mtu ana lake, huyu hogo, huyu kichwa kimefungwa bendeji, huyu mdomo umeshonwa juzi, hakuna wa kumshangaa mwenzie. Wanagombania mipira wakiwa kwenye vigari vya matairi. Alirudi anaongea Kimaasai cha kuombea maji na cha kuchokozana, kwa sababu alilala na watoto wa kutoka wilaya za mbali huko Longido na Ngorongoro. Siku za mwanzo alilia ndio, na mama yake alilia zaidi, sitaki mtu aende akidhani hakuna machozi. Ila machozi ya kukumbuka nyumbani yanapita.

Na wifi? Aliendelea kwenda Tengeru. Mtoto wa mgongoni alinyonya kama kawaida. Kaka mtu akahudhuria shule muhula mzima bila kukatizwa. Watu wakihesabu faida ya haya mashirika wanahesabu mtoto aliyetibiwa, mi naomba wahesabu na hawa watatu, maana ugonjwa wa mtoto mmoja kwenye kaya kama yetu unakula mtaji wa mama, unakula masomo ya ndugu, na ukishakula mtaji kuurudisha ni miaka. Nimeona kaya imeuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya nauli za kliniki, na yule ng'ombe ndo alikuwa lishe ya watoto waliobaki.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Wahi. Mguu kifundo hasa, huo unaanza kunyooshwa mtoto akiwa mchanga kabisa, njia inayotumika duniani kote ni ya daktari Ponseti, wanafunga plasta wanabadilisha kila wiki, mara nyingi wiki kama tano sita, wengi wanakatwa kano kidogo ya kisigino halafu mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa na chuma. Hivyo viatu miezi mitatu ya kwanza ni karibu saa zote 23 kwa siku, baadaye ni usiku tu mpaka anapofika miaka minne hivi. Wazazi wengi wanavivua mapema kwa huruma, mtoto akilia tu wanavua, na mguu unarudi ulikotoka. Naomba msivue. Kuhusu gharama ulizia mwenyewe na uelezee hali yenu kwa ukweli, kila mtoto ana kesi yake. Na usimpeleke ukadhani umemkabidhi jumla, mzazi ana sehemu yake, kliniki za kufuatilia zipo na nyumbani mazoezi yanaendelea.

Pia kuna watoto hawafiki popote kwa sababu wamefichwa. Wapo, tusidanganyane, uchagani wapo umerani wapo umasaini wapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matibabu na malezi kama mwingine yeyote, na kumfungia ndani sio siri ya familia. Kama mwenye mtoto ni ndugu yako kaa naye kwanza kwa heshima, mara nyingi ni aibu na woga tu sio roho mbaya. Kama haisaidii nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haikati salio.

Sasa kitu kinachoniuma, na hiki sio lawama kwa Plaster House maana wao wamefanya ya kwao na zaidi. Mtoto amerudi miguu imenyooka, anakimbia, amerudi kwenye ndoo ile ile. Maji ni yale yale yaliyompinda. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania tulikuwa tunaruhusu mpaka 4 na siku hizi tumeshuka kwenye hiyo 1.5, lakini kiwango cha kwenye karatasi hakishuki chenyewe kwenye chemchemi. Mjini tumepata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, huku vijijini bado wengi wanachota mferejini. Na kuchemsha hakusaidii, nalirudia hili kila msibani na kila harusini: kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki humo humo na maji yakipungua sufuriani inakolea. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe kama wanalotengeneza kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kiko hapo hapo jirani yetu na watu wengi wanapita barabarani hawajui kinafanya nini. Na magadi mama zangu. Yale tunayotia kwenye makande ili maharage yaive haraka na yenyewe yana floraidi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Ningependa kila mtoto anayetoka kwenye operesheni ya miguu ya floraidi nyumba yake ifuatiliwe na maji, awe anayefanya ni halmashauri, kanisa au shirika lolote, la sivyo mdogo wake anayeanza kutembea saa hizi atafuata foleni ile ile. Sisi huyo mdogo tunaye. Tumechanga kifamilia tumenunua simtanki la lita elfu moja, kaka ameahidi kufunga gata akirudi Mererani, tunataka liwe tayari kabla ya vuli.