Uzoefu wangu na Stockfish kwenye simu: kina 20 kinanitosha

Nacheza sataranji kila jioni hapa Dodoma, na Stockfish, injini yaani programu ya kukokotoa hatua za sataranji, naipa nyota tano. Ni ya bure, haina matangazo, na ukiitumia ndani ya DroidFish, app ya sataranji ya Android, inafanya kazi hata bando likikata. Ila ile namba ya kina inayopanda wakati injini inafikiri, wengi ninaocheza nao, wakiwemo wanachuo wa UDOM, wanaichukulia kama ndiyo nguvu yenyewe. Sivyo.

Kina ni hatua ngapi mbele injini imeangalia, na kila hatua ni ya upande mmoja. Kina 20 maana yake wewe umecheza mara kumi na mpinzani mara kumi. Katikati ya mchezo mtu huwa na hatua halali kama 35, kwa hiyo ukiongeza kina kazi inavimba haraka, japo injini hukata njia nyingi zisizo na faida.

Kwenye kina kidogo kila hatua ina thamani kubwa. Majaribio ya mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson na mashine yake ya sataranji Belle yalionyesha kwamba hatua moja ya ziada inaweza kuleta takriban pointi 200 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji. Kwenye kina kikubwa faida inapungua. Nimeliona hili kwenye mchezo wangu mmoja nilipotoa ngome kwa farasi ili kuvunja ukuta wa mfalme wa mpinzani. Kwenye kina 8 injini ilinihesabia hasara ya pointi moja na nusu (pointi moja ni kama thamani ya askari mmoja). Ilipofika 16 ikageuka, ikaniona niko mbele, na hatua iliyonishauri ikawa malkia kwenda h5. Kutoka 20 hadi 26 ushauri ulikuwa uleule, alama zikacheza kidogo tu, na simu ikawa ya moto mkononi. Kwa joto la Oktoba hapa kwetu, betri inaisha huku hujapata jipya.

Ushahidi mzuri zaidi uko Lichess, tovuti ya kucheza sataranji. Stockfish ya kule ina ngazi nane, na ngazi ya 1 hadi ya 5 zote zina kikomo cha kina 5. Lakini ya 1 mtoto anayejifunza anaifunga, ya 5 inakusumbua kweli. Tofauti ni muda inaopewa na makosa inayofanyishwa kwa makusudi.

Halafu kuna jicho la kupima hali ya ubao. Mwaka 2017 AlphaZero, programu ya DeepMind, iliishinda Stockfish ikikagua hali 80,000 kwa sekunde, mwenzake akikagua milioni 70. Stockfish 12 ya mwaka 2020 ilipopewa mtandao wa neva (akili bandia) wa kupimia hali ya ubao, nguvu yake ilipanda sana. Ndiyo maana kina 20 cha toleo la zamani huwezi kukilinganisha na kina 20 cha leo.

Kama simu yako ni ya kawaida, weka toleo jipya, fungua mistari mitatu ya ushauri badala ya mmoja, isimamishe kwenye 20, kisha tafuta mwenyewe kwa nini mstari wa pili umezidiwa.