TAHADHARI: Pakiti za kudarizi "jua la Monet" zinazouzwa kwa simu

Dada zangu wa Lamu, Shela na Mokowe, nanyi ndugu mnaoshona kofia, nawaomba msimtumie pesa muuzaji anayetangaza pakiti za kudarizi kwa mshono wa msalaba zenye picha ya macheo ya Monet, mchoraji wa Ufaransa. Mimi na wifi yangu tulimtumia shilingi 4,800 kila mmoja kwa M-Pesa, na tulicholetewa hakishoneki.

Picha mtaitambua: bandari ya Le Havre, Ufaransa, alfajiri ya ukungu, vidau viwili vitatu, na jua dogo la rangi ya chungwa lililoacha mstari majini. Monet aliichora mwaka 1872. Niliipenda nilipoiona tu, maana ndivyo bahari inavyokuwa ukivuka kwenda Mokowe mapema. Tulitaka kuzitundika chumbani kwa bibi harusi wetu.

Mzigo ulikuja na basi, ukavuka kwa boti. Mama, aliyeshona kofia maisha yake yote, ndiye aliyenizuia. "Hesabu kwanza, mwanangu, kabla hujatia uzi." Nikaweka rula juu ya kitambaa, nikapita na ncha ya sindano kijisanduku kimoja kimoja. Kwa upana, inchi moja ina visanduku 14 kama alivyotangaza. Kwa urefu ni 12! Darizi hii ni hesabu tupu, kitambaa hakina mchoro wowote. Visanduku visipolingana, jua la mviringo linatoka yai.

Chati, ile karatasi unayoifuata unaposhona, ndiyo iliyonikata maini. Chati ya kweli ina alama ndani ya kila kisanduku, na orodha ya kukuonyesha alama hii ni uzi namba gani. Yetu ni fotokopi ya kijivu iliyochorewa mistari juu yake. Na katika picha hii hasa, kijivu hakisaidii kitu: Monet alilichora jua kwa mwangaza unaokaribia kabisa kuwa sawa na wa anga, rangi peke yake ndiyo inayolitenga. Ukiondoa rangi, jua linazama. Nimelitafuta kwenye karatasi ile mpaka macho yakaniuma, silioni. Mishono 210 kwa 160, yaani 33,600, mtu ashone kwa kubahatisha?

Nyuzi alisema ni za kampuni ya DMC, rangi 42. Nimehesabu 26, hata moja haina karatasi ya namba. Ule wa chungwa niliulowesha nikaubana kwenye kitambaa cheupe. Ukaacha doa kama la embe.

Nilipompigia aliniambia mimi nimezoea kofia, sanaa ya Ulaya siijui. Kisha akanifungia.

Ukinunua kwa mwingine, mwambie akupigie picha ya chati kwa karibu uone kama alama zinasomeka, na nyuzi zikiwa na karatasi zake. Pesa utoe mzigo ukiwa mkononi mwako.

Tangu juzi amerudi kwa jina jingine na namba nyingine, jua ni lilelile, na sasa ameongeza shamba la maua mekundu. Kama umeshamlipa, usifute ujumbe wa M-Pesa na usikate kitambaa. Jumatatu asubuhi mimi na wifi tunakwenda kituo cha polisi na pakiti zetu. Anayetaka tuongozane aniandikie kabla ya Jumapili usiku.